Anayejibu na Haki ya Kukataa: Jadali ya Wayunani, Udhanifu wa Wajerumani na Milima ya Usambara

Liko swali katika falsafa ambalo mtu akilitazama juu juu ataliona kuwa mbali mno na mashamba ya michungwa ya Muheza na makonde ya mboga ya Lushoto, nalo ni hili: wale wanafalsafa wa Ujerumani waliotokea baina ya mwaka 1781 na mwaka 1831, ambao mafundisho yao huitwa udhanifu kwa sababu waliitanguliza fikra mbele ya maada katika kuueleza ulimwengu, waliirithi kwa kiasi gani ile sanaa ya kuhojiana ya Wayunani wa kale iitwayo dialektiki, ambayo wanazuoni wa Kiislamu waliiita jadali, na walipokwisha kuirithi waliigeuza namna gani? Swali hili limeandikiwa vitabu vingi huko Ulaya, na aghalabu majibu yake huishia hukohuko, kana kwamba urithi huo haukupata kuvuka bahari. Ilhali ulivuka, tena kwa milango zaidi ya mmoja, na miongoni mwa nchi ulizozifikia ni hii ya Wabondei na Wasambaa, kuanzia uwanda wa Muheza hadi vilele vya Vuga na Mlalo.

Rai ya makala haya ni kwamba Wayunani waliwaachia warithi wao vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Cha kwanza ni maarifa ya kwamba kauli nyingi hubeba ndani yake kinyume chake, na ukizisukuma hadi mwisho kinyume hicho hujitokeza hadharani. Cha pili ni adabu ya kwamba hoja haisongi mbele mpaka anayeulizwa amekubali kwa kinywa chake mwenyewe, wala halazimiki kukubali asiporidhika. Wajerumani, na Hegel kuliko wote, walikitwaa kitu cha kwanza wakakikuza kupita walivyokikuza wenyewe waliokianzisha. Cha pili walikiacha njiani, na hasara ya kuachwa kwake haikuwapata wasomi wa Berlin, iliwapata watu ambao habari zao zilisemwa pasipo wao kuulizwa.

Mwanzo wa jambo hili ni wa kale sana. Heraclitus wa Efeso, aliyeishi karibu na mwaka 500 kabla ya Masihi, alifundisha kuwa vitu vyote hupita na kwamba mvutano wa vinyume ndio unaoushikilia ulimwengu. Zeno wa Elea, ambaye kwa habari zilizopokewa Aristotle alimwita mvumbuzi wa dialektiki, alikuwa na ufundi mwingine: hakutetea rai yake waziwazi, aliishika rai ya mpinzani, akaifuata hatua kwa hatua, akaonyesha kuwa inamfikisha mwenyewe mahali pawili pasipopatana. Kisha akaja Socrates, aliyeuawa Athens mwaka 399 kabla ya Masihi, ambaye hakuandika kitabu hata kimoja, naye akauchukua ufundi huo akautia katika maongezi ya sokoni na ya viwanja vya mazoezi, akiwauliza majemadari ushujaa ni nini na wacha Mungu ucha Mungu ni nini, mpaka waliodhani wanajua wakatambua kuwa hawajui.

Yafaa tusimame kidogo katika tukio moja la maongezi hayo, lile ambalo Plato amelihifadhi katika kitabu chake cha Meno, kwa sababu ndani yake vitu viwili tulivyovitaja vinaonekana kwa karibu. Socrates anamwita kijana mtumwa wa Meno, ambaye hakupata kusoma hesabu, anamchorea mraba wenye pande za futi mbili, yaani eneo la futi nne za mraba, na kumwuliza mraba wenye eneo maradufu utakuwa na upande wa futi ngapi. Kijana anajibu kwa haraka kuwa nne. Socrates hamwambii kuwa amekosea; anauchora mraba wa upande wa futi nne, anamwachia ahesabu, naye anaona mwenyewe kuwa eneo limekuwa kumi na sita badala ya nane. Kijana anajaribu tatu, na zinatoka tisa. Hapo anaapa kuwa hajui, na Socrates anamgeukia bwana wake na kumwonyesha kuwa ganzi hiyo ya kutojua ni faida, maana sasa kijana atatafuta. Ndipo wanaendelea mpaka ulalo wa mraba wa kwanza unapowapa upande walioutaka. Wako wasemao kuwa kijana huyu aliongozwa mno na maswali, na neno lao lina ukweli. Hata hivyo, kila mstari uliochorwa mchangani ulingoja jibu lake, na majibu yake mawili ya makosa ndiyo yaliyofungua njia ya jibu sahihi. Mtumwa asiyekuwa na haki yoyote katika mji wa Athens, ndani ya hoja alikuwa na haki kamili ya kusema ndiyo au kusema sijui.

Plato alipozidi umri aliipandisha daraja sanaa hii. Katika kitabu cha Jamhuri dialektiki ndiyo kilele cha elimu zote. Katika Parmenides inakuwa zoezi zito la kukisia kwamba umoja upo na kwamba umoja haupo, na kuyafuata matokeo ya kila upande bila huruma. Aristotle, mwanafunzi wake, aliishusha tena: akatenga burhani, yaani hoja itokayo katika misingi ya kweli, na jadali, yaani hoja itokayo katika rai zinazokubaliwa na watu wengi au na wenye hekima, akatunga kitabu kizima cha kanuni za muulizaji na mjibu. Karne nyingi baadaye Proclus, aliyefariki Athens mwaka 485 baada ya Masihi, aliipa mwendo wa hatua tatu, kukaa, kutoka na kurejea, ambao kwao kila kitu hukaa katika asili yake, hutoka humo, kisha huirudia. Tuikumbuke hatua hii ya tatu, kwa maana tutaikuta tena huko Berlin.

Mlango wa kwanza ulioipitisha sanaa hii kuelekea kwetu haukuwa wa Wajerumani. Karibu na mwaka 782 Khalifa al-Mahdi wa Baghdad aliagiza kitabu cha Aristotle juu ya jadali kifasiriwe kwa Kiarabu, na aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa Timotheo, patriarki wa Wakristo wa Mashariki, mtu yuleyule ambaye khalifa alikaa naye akamhoji juu ya dini yake, naye, ingawa alikuwa raia mbele ya mtawala, akajibu swali kwa swali wala asiyaache aliyoyaamini. Baadaye al-Farabi na Ibn Rushd wakazipanga daraja za hoja, na mwishoni mwa karne ya 13 Shamsuddin al-Samarqandi akatunga kanuni za elimu ya munadhara, ambazo zilimpa muulizaji haki ya kudai dalili na ya kuleta pingamizi, na mjibu haki ya kujitetea kabla hajahukumiwa. Mantiki ya Wayunani, katika muhtasari kama ule wa Isaghuji ya al-Abhari, ikawa sehemu ya masomo ya madrasa katika ulimwengu wa Kiislamu, ambao mwambao wetu ni pembe yake mojawapo. Kwa hiyo mtu wa Tanga au Pangani aliyesoma kwa mashehe hakuwa mgeni wa Aristotle, hata kama jina lake hakupata kulisikia.

Huko Ulaya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1781 cha kuipima akili tupu, aliitumia dialektiki kwa maana ya lawama: ni mantiki ya udanganyifu, pale akili inapotoka nje ya mipaka ya yale iwezayo kuyajua. Akaonyesha mikinzano minne, na katika kurasa za kitabu chake kauli na kinyume chake zikapigwa chapa upande kwa upande, moja ikithibitisha kuwa ulimwengu una mwanzo katika wakati, nyingine ikithibitisha kwa nguvu ileile kuwa hauna. Kant alitaka msomaji akiisha kuziona hoja hizo mbili ajizuie. Waliomfuata hawakujizuia. Johann Gottlieb Fichte, katika mafundisho yake ya Jena ya mwaka 1794, alianza na nafsi inayojithibitisha, akaiwekea kinyume chake kisicho nafsi, kisha akatafuta cha kuvipatanisha. Na ule utaratibu wa kauli, kinyume na upatanisho, ambao vitabu vya shule humpa Hegel, kwa haki ni wa Fichte, na Hegel mwenyewe alichelea kuufanya kuwa kanuni ya kukariri.

Mji ambao Uyunani na Ujerumani zilikutana kwa ukaribu kuliko kwingine ni Tübingen, katika nchi ya Württemberg. Katika chuo chake cha wanafunzi wa theolojia waliishi pamoja, mwanzoni mwa miaka ya 1790, vijana watatu: Hegel, mshairi Hölderlin, na Schelling aliyeingia akiwa na umri wa miaka 15 tu. Walisoma Plato kwa Kiyunani wakati habari za mapinduzi ya Ufaransa zikiwafikia, na mwaka 1794 Schelling akaandika sherehe ya kitabu cha Plato cha Timaeus. Mwaka 1802 akatunga kitabu kizima kwa namna ya maongezi. Hegel, katika dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1807, aliisifu Parmenides ya Plato kuwa labda ndiyo kazi kuu ya sanaa ya dialektiki ya kale. Katika mafundisho yake alikiri kwamba hapakuwa na kauli ya Heraclitus ambayo hakuiingiza katika mantiki yake. Na kitabu chake cha jumla ya elimu ya falsafa alikifunga kwa maneno ya Aristotle kwa Kiyunani, bila tafsiri. Juu ya Proclus alikuwa na rafiki yake wa Heidelberg, Friedrich Creuzer, mhariri wa maandishi ya mwanafalsafa huyo, na ule mwendo wa kukaa, kutoka na kurejea ukawa mwendo wa roho ya ulimwengu mzima. Kwa hiyo hakuna shaka kuhusu ukubwa wa deni. La kuulizwa ni mgeuzo.

Mgeuzo wenyewe ni huu. Kwa Socrates ukinzani unakaa katika kauli za mtu fulani, mwenye jina na haya na kiburi chake, na kuondoka kwake kunategemea mtu huyo kukubali kuwa alikosea. Kwa Hegel ukinzani unakaa katika jambo lenyewe: fikra ya kuwapo tupu, pasipo sifa yoyote, haitofautiki na fikra ya kutokuwapo, na mpito wa moja kwenda nyingine unazaa fikra ya kuwa kitu kingine, pasipo mtu yeyote kuuliza wala kujibu. Hili ni gunduo kubwa, na asiyelitambua hamtendei haki. Kwa njia hiyo Hegel aliweza kueleza jambo ambalo Plato hakuliweza, yaani kwa nini taasisi za watu hubadilika kutokana na upungufu ulio ndani yake zenyewe, na kwa nini kitu kinachobomolewa hakipotei chote, sehemu yake hubebwa ndani ya kile kinachokirithi. Marx alipompindua Hegel na kuiweka kazi ya mikono mahali pa roho, aliubeba msingi huu. Na hapo ndipo wengi wa wasomi wetu walipoupokea, katika mabishano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya miaka ya 1960 na 1970, ambako Walter Rodney alikuwa mwalimu.

Lakini dialektiki isiyomhitaji mjibu inaweza kumpita mtu bila kumsemesha. Katika mafundisho yake ya falsafa ya historia, aliyoyatoa Berlin tangu majira ya baridi ya mwaka 1822 na ambayo Eduard Gans aliyachapisha mwaka 1837 baada ya kufa kwake, Hegel alisema kuwa Afrika haina mwendo wala maendeleo, na akiisha kusema hayo akaiacha, asiirudie. Hakupata kufika, alitegemea habari za wasafiri na wamisionari, na kati ya hizo aghalabu akazishika zile za ajabu na za kutisha. Mtu aweza kusema kuwa ujinga huo ulikuwa wa zama zake. Lakini njia yake haikuwa na mahali popote ambapo Mwafrika angesimama na kuapa, kama alivyoapa kijana wa Meno, kuwa hesabu haikutoka sawa.

Yuko atakayepinga kwa kutaja ukurasa maarufu wa Hegel juu ya bwana na mtumwa, akisema kuwa humo amefundisha kwamba nafsi haijitambui mpaka itambuliwe na nafsi nyingine, na kwamba mwisho wake mtumwa, kwa kazi ya mikono yake, ndiye anayepata utambuzi wa kweli. Pingamizi hili ni zito, hasa kwa nchi ambayo mateka wa vita vya Usambara walishushwa hadi Pangani kuuzwa. Hata hivyo, katika ukurasa huo bwana na mtumwa hawasemezani; wanapigana, kisha mmoja anatumika. Anayejua maana ya mapigano yao ni mwandishi, aliyekwisha kufika mwisho wa safari kabla wao hawajaianza.

Hapa ndipo nchi yetu inapoingia. Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, na alisoma theolojia katika chuo kikuu cha mji huo kuanzia mwaka 1829 hadi 1834, miaka ambayo Hegel alifariki Berlin na ambayo David Friedrich Strauss alirudi Tübingen kufundisha mantiki na falsafa ya Plato kwa roho ya Hegel. Mwenziwe katika kituo cha misheni cha Rabai, Johannes Rebmann, alitoka Gerlingen, jirani ya mji wa Leonberg alikozaliwa Schelling. Krapf hakuwa mwanafalsafa wala hakutaka kuwa, alikuwa mhubiri. Lakini mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alipanda hadi Vuga kuonana na Kimweri ye Nyumbai, mfalme ambaye nchi yake ilitoka milimani hadi karibu na pwani, na ambaye wanawe aliwaweka kuwa machifu katika wilaya zake. Huyu mwana wa Tübingen hakuweza kumweka Kimweri katika hatua fulani ya safari ya roho. Alilazimika kuomba ruhusa, kungoja, kuulizwa amekuja kutafuta nini, na kujibu. Nchi ambayo vitabu vya Berlin viliisema kuwa haina historia ilikuwa na mfalme, na mfalme huyo alikuwa na uwezo wa kukataa.

Historia hiyo yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili, na ni miongoni mwa vitabu vya thamani vilivyotoka mkoa huu. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyeishi miaka mingi miongoni mwa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, alitunga Habari za Wakilindi, ambayo wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, waliipiga chapa kwa sehemu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo J. W. T. Allen aliihariri upya mwaka 1962. Mwanzoni mwa kitabu anasimama Mbegha, mtu wa Nguu, ambaye jamaa zake walimfukuza na kumnyima urithi kwa kuwa alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kila msiba ulipowapata walimtupia yeye. Mtu huyu wa nuksi akawa mwindaji, akaingia Usambara na mbwa wake na mikuki yake, akawaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia wenyeji nyama nao wakampa vyakula vya shamba, akaamua magomvi yao kwa haki, mpaka watu wa Vuga wakamfanya mfalme. Aliyehesabiwa kwao kuwa mharibifu akawa mponya wa nchi.

Msomaji wa Hegel atafurahi, maana hapa kinyume kimegeuka kuwa kinyume chake. Lakini na atazame mgeuzo huo ulipita wapi. Haukutoka ndani ya fikra ya kigego kwa lazima ya mantiki. Ulipita katika mikono ya watu waliopokea nyama na kutoa vyakula vyao vya shamba, walioleta mashauri na kuyapima maamuzi, na waliokuwa na hiari ya kumwacha mwindaji apite zake msituni. Steven Feierman, mwanahistoria wa Kimarekani aliyewasikiliza wazee wa Kisambaa kwa miaka mingi, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuwa Wasambaa walikuwa na jozi ya dhana walizoupimia utawala wote, kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Ameeleza pia kwamba uwezo wa mvua uliokuwa mikononi mwa mfalme ulikuwa uleule mmoja katika hali zote mbili. Watu walipomkubali aliye mkuu na kumpelekea kodi, nchi ilipona. Wenye uwezo sawa waliposhindana, ikawa nguvu kwa nguvu, na matokeo yake ni njaa.

Dhana hiyo ya nguvu kwa nguvu inastahili kuwekwa mbele ya udhanifu wa Kijerumani kama pingamizi la haki. Hegel aliamini kuwa mgongano wa vinyume, hata ukimwaga damu, mwishowe huzaa daraja ya juu zaidi. Wasambaa waliona kwa macho kuwa uko mgongano usiozaa kitu. Kimweri alipofariki mwaka 1862, Semboja wa Mazinde, aliyekaa karibu na njia ya misafara na kupata bunduki, alipigana na waliomiliki Vuga, na vita hivyo vikaendelea mpaka kizazi kingine; Wabondei wakawaasi Wakilindi; watu wakauzwa. Hapakuwa na daraja ya juu. Palikuwa na nchi iliyochoka, ambayo Wajerumani waliikuta na kuitwaa.

Juu ya utwaaji huo neno moja litatosha. Carl Peters, kiongozi wa Wajerumani waliotafuta koloni katika nchi hii, alikuwa mwaka 1883 ametunga kitabu cha falsafa juu ya utashi na ulimwengu, katika njia ya Schopenhauer, adui mkubwa wa Hegel. Na mwishoni mwa mwaka uliofuata alikuwa Nguru, Usagara na Uzigua akitiisha nchi kwa mikataba iliyoandikwa kwa lugha ambayo waliotia alama zao hawakuweza kuisoma. Kwa umbo ilikuwa maongezi, maana swali liliulizwa na jibu likapatikana. Kwa hakika anayejibu hakulijua swali. Mwaka 1895 Mputa, mfalme wa Vuga, alinyongwa na serikali ya Kijerumani, na Lushoto ikapewa jina la Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari.

Urithi uleule ulipitia pia mlango wa Kiingereza. Huko Oxford, Benjamin Jowett, aliyefasiri maongezi ya Plato na kuyachapisha mwaka 1871, alikuwa pia miongoni mwa waliomwingiza Hegel katika chuo hicho, na T. H. Green na wanafunzi wake wakajenga udhanifu wa Kiingereza ulioathiri mapadri wengi wa zama zile. Katika hewa hiyo alisoma Frank Weston, askofu wa Zanzibar kuanzia mwaka 1908, aliyefariki Hegongo, karibu na Magila, mwaka 1924. Kitabu chake cha mwaka 1907 juu ya nafsi ya Kristo kinabishana na wanatheolojia wa Kijerumani na wa Kiingereza kuhusu namna Mungu alivyojinyima utukufu wake. Na askofu huyo wa mabishano mazito ndiye aliyechapisha mwaka 1920 kijitabu cha kuilaumu serikali ya Uingereza kwa kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi wasiyoitaka. Theolojia na lawama hiyo huenda havikutoka chemchemi moja, lakini katika jambo la pili Weston alidai kile ambacho Socrates alimpa mtumwa wa Meno.

Baada yake kazi ya kumrudisha mjibu mahali pake ilishikwa na wenyeji. Shaaban Robert, aliyezaliwa Machui karibu na Tanga mwaka 1909, aliijenga Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, juu ya kesi moja: Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno, na siku baada ya siku anasimama mbele ya mfalme akijibu mashitaka kwa visa vya wajumbe waliotumwa, mpaka hukumu inageuka. Huko Edinburgh, Julius Nyerere alisoma baina ya mwaka 1949 na 1952 katika chuo ambacho John Macmurray alikuwa profesa wa falsafa ya maadili, mtu aliyefundisha kuwa nafsi haipo peke yake kwanza ikakutana na wengine baadaye, huwapo tangu mwanzo katika uhusiano wa mimi na wewe. Na Nyerere aliporudi aliieleza demokrasia ya Kiafrika kuwa ni wazee kukaa na kuzungumza mpaka wapatane. Na Nairobi, kuanzia miaka ya 1970, Henry Odera Oruka alikwenda vijijini kuwahoji wenye hekima, akiwapinga kwa makusudi ili aone nani hurudia mila tu na nani huweza kuihoji. Odera Oruka alipata lawama ya kuambiwa kuwa falsafa hiyo ni yake zaidi kuliko ya wazee. Lakini lawama hiyohiyo yaweza kumpata Plato.

Itakuwa si insafu kuhitimisha kuwa Wayunani walikuwa wema na Wajerumani wakaharibu. Maongezi yakiachwa peke yake yana udhaifu wake: wazee waliokaa mpaka wakapatana mara nyingi hawakuwaita wanawake na vijana, na mtu anaweza kusema ndiyo kwa hofu. Tutazame jambo lililotukia milimani hapa. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuokoa ardhi ya Mlalo, na mwishowe wakulima wa Usambara wakalazimishwa kulima kwa matuta ili kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mmomonyoko ulikuwapo kweli; mabwana shamba hawakuubuni. Lakini wakulima nao waliona kweli nyingine: kazi iliyoongezeka bila mavuno kuongezeka, na hofu kuwa aliyeitengeneza ardhi kwa amri yake ataidai kuwa yake. Wakakataa, na upinzani wao ukaingia katika siasa za kudai uhuru, na amri ya matuta ikaachwa. Hegel angetufundisha, kwa haki, kuwa kila upande ulishika nusu ya kweli na kuwa ugomvi haukuwa wa bahati mbaya. Asingeweza kutufundisha kwa nini nusu hizo hazikuungana. Hazikuungana kwa sababu wataalamu walileta jibu kabla ya kuuliza, na mkulima alipopata nafasi ya kusema, neno pekee lililobaki kwake lilikuwa hapana.

Basi anayesoma leo kuwa historia inakwenda mahali fulani kwa nguvu ya mikinzano yake, iwe maneno hayo yametoka kwa mwanafalsafa, kwa mwanasiasa au kwa mtaalamu wa maendeleo, ana maswali mawili ya kumwuliza, na yote mawili ni ya Kiyunani. La kwanza, ambalo Wajerumani walilihifadhi vema, ni kama kauli hiyo ikifuatwa hadi mwisho inapatana na nafsi yake. La pili, walilolisahau, ni nani aliyeulizwa njiani, na je, jibu lake lingeweza kuigeuza hoja? Kauli inayoshindwa swali la kwanza ni kosa la akili, na kosa hilo laweza kusahihishwa mezani na wasomi wenyewe. Inayoshindwa la pili haisahihishwi mezani, kwa kuwa anayejua kosa liko wapi hajaitwa kukaa hapo.